ALISIMAMA NA GONGO MKONONI, MPIRA HAUKUMFIKIA



Karatasi hii umepewa bure. Tafadhali usiikunje kufungia karanga kabla hujaisoma. Ni dakika kumi tu. Nataka nikusimulie habari za mchezaji mmoja Mwingereza, na ni habari ya kweli, siyo hadithi ya kutungwa. Mchezo wake haukuwa mpira wa miguu. Ulikuwa kriketi.

Najua wengine mtasema, "Aa, kriketi! Sisi na kriketi wapi na wapi?" Subiri kidogo. Hebu nikueleze kwa ufupi.

Uwanja ni mkubwa, wa majani. Katikati kumesimikwa vijiti vitatu, na mbele ya vijiti amesimama mtu ameshika gongo (siyo gongo ile ya kunywa!). Mpinzani anakuja mbio, anarusha mpira mgumu kama jiwe, anataka kuviangusha vile vijiti. Mwenye gongo anaupiga mpira mbali, halafu anakimbia, na kila mkimbio unahesabiwa. Vijiti vyako vikiangushwa, au mpira ulioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, basi umetolewa. Unatoka, anaingia mwenzako. Timu ina watu kumi na mmoja, lakini wanasimama uwanjani wawili wawili, mmoja mwisho huu na mwingine mwisho ule. Wakishatolewa kumi, zamu ya timu imekwisha. Yule mmoja aliyebaki, hata kama ana nguvu kama simba, anatoka naye. Hana wa kucheza naye.

Shika hapo hapo. Tutarudi.

KIJANA MWENYE KILA KITU

Aliitwa Charles Thomas Studd. Watu walizoea kumwita C. T. Alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake, Edward Studd, alitajirika kwa mashamba huko India, akarudi kwao kula raha. Nyumba kubwa, farasi wa mashindano, karamu juu ya karamu. Mwaka 1866 farasi wake alishinda mashindano makubwa ya Grand National. Nyumba hiyo ilijaa vicheko na pesa, lakini Mungu hakuwa na kiti ndani yake.

Siku moja mzee huyo akapelekwa na rafiki yake kumsikiliza mhubiri Mmarekani, D. L. Moody, mtu aliyekuwa muuza viatu. Akaokoka! Akaacha mashindano ya farasi. Ukumbi wa karamu ukawa ukumbi wa mahubiri. Watoto wake wakashangaa, wakaona haya. Unajua ilivyo, mzee akibadilika ghafla, vijana wanasema amerogwa.

Mwaka 1878 mhubiri mmoja alikuwa mgeni pale nyumbani. Vijana wakamfanyia vituko. Wakampandisha farasi, wakamkimbiza mbio ili aanguke wamcheke. Hakuanguka. Siku ile ile akazungumza na vijana wale watatu, Kynaston, George na Charles, kila mmoja peke yake. Akamwuliza Charles kama anaamini kwamba Kristo alimfia. Charles akakubali. Lakini alipoulizwa kama amepokea uzima wa milele, hakuwa na jibu. Aliamini nusu tu! Alikuwa kama mtu anayekubali kwamba zawadi ipo mezani, lakini mkono hajanyoosha. Siku ile akapiga magoti, akapokea. Ndugu zake nao wakapokea siku hiyo hiyo, kila mmoja mahali pake.

Utasema, "Basi habari imekwisha, akawa mtakatifu." Hapana! Ngoja nikuambie ukweli. Kijana huyu alimpokea Yesu, halafu akamweka stoo. Kwa miaka sita hivi akakaa kimya. Kwa nini? Kwa sababu ya uwanja.

NYOTA WA PANDE ZOTE

Katika kriketi wachezaji wengi ni wa upande mmoja. Huyu anajua kupiga, yule anajua kurusha. Adimu ni mchezaji wa pande zote, anayepiga vizuri na kurusha vizuri. Ni sawa na mshambuliaji anayefunga mabao kila wiki, halafu kesho ukimweka golini anadaka penalti. C. T. alikuwa wa namna hiyo.

Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1882 timu ya Australia ilikuja Uingereza, na ilikuwa timu ya kutisha. Vijana wa Cambridge, ndugu watatu wa Studd wakiwemo, wakaifunga! C. T. peke yake alipata mikimbio 118 katika zamu moja. Msimu ule alipata zaidi ya mikimbio 1,000 na akatoa zaidi ya wapinzani 100. Msimu wa 1883 akarudia vile vile. Miaka ile waliowahi kufanya hivyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1882 George alikuwa nahodha wa Cambridge, 1883 Charles, 1884 Kynaston. Unahodha ulizunguka nyumba moja miaka mitatu mfululizo!

Magazeti yakamwandika. Watoto wa shule wakataka kuwa kama yeye. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Sasa niambie, kijana wa namna hiyo anamhitaji Mungu wa nini?

ZAMU AMBAYO HAIKUFIKA

Agosti 28 na 29, 1882, uwanja wa Oval, London. Uingereza na Australia. C. T. amechaguliwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza.

Australia walikuwa na mrushaji anaitwa Fred Spofforth. Kwa jinsi alivyorusha, watu walimpachika jina la Pepo. Zamu ya kwanza ya Waingereza, huyo Pepo aliangusha vijiti vya Studd kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Sifuri! Nyota wa Cambridge, sifuri. Lakini si kuna zamu ya pili? Akajipa moyo.

Zamu ya pili Waingereza wanahitaji mikimbio 85 tu washinde. Kazi ndogo! Wakafika 51, wametolewa wawili tu. Watu wanashangilia. Halafu mambo yakageuka. Spofforth akaanza kuwaangusha mmoja baada ya mwingine kama maembe. Studd alikuwa akingoja. Walimshusha mpaka nafasi ya kumi. Wanasimulia kwamba alikuwa akizunguka zunguka nje ya uwanja amejifunika blanketi, anatetemeka.

Mwishowe akaingia. Ilibaki mikimbio 10. Studd akasimama mwisho wake, gongo mkononi, macho mbele, tayari kabisa. Mwisho ule mwingine mwenzake akatolewa. Akaingia wa mwisho, Ted Peate, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kurusha, si kupiga. Watu wakatazamia kwamba Peate atajizuia tu, amwachie Studd apige. Wapi! Peate akalizungusha gongo, akapata mikimbio miwili, halafu akalizungusha tena, na vijiti vikaanguka. Mchezo umekwisha! Uingereza 77. Wameshindwa kwa mikimbio 7.

Na Studd? Bado amesimama na gongo lake. Hakutolewa. Hakukosea. Hakuna mpira hata mmoja uliomfikia. Katika kitabu cha matokeo ameandikwa hakutolewa, mikimbio sifuri.

Wanasimulia kwamba Peate alipolaumiwa alijibu kwamba hakuwa na imani na Bwana Studd. Watu wakacheka. Lakini wewe kijana usicheke haraka. Fikiri kidogo.

Wangapi kati yetu tunasema, "Bado nipo, sijatolewa. Zamu yangu ya kumtafuta Mungu itafika. Nikimaliza shule. Nikipata kazi. Nikishaoa. Nikizeeka." Umesimama mwisho wako na gongo lako, una nguvu, afya njema, meno yote thelathini na mawili. Kumbe mchezo unaishia mwisho ule mwingine, mahali ambapo huna amri! Dereva mmoja amelewa. Homa moja ya siku tatu. Mechi imekwisha, na wewe hujarushiwa hata mpira mmoja. Soma Yakobo 4:14. Anasema hatujui ya kesho, na maisha yetu anayafananisha na mvuke. Umeshaona mvuke wa sufuria? Uko hapo, mara hauko.

Mimi mwenyewe elimu yangu ni ya shule ya msingi, na nilikuwa nadaka goli katika timu ya mtaani kwetu. Beki wetu wa kulia nilimwalika mkutano wa injili siku ya Alhamisi. Akaniambia, "Jumapili nitakuja, bila shaka." Alikuwa mzima, anacheka. Jumapili tulikuwa makaburini. Sisemi yuko wapi, Mungu ndiye hakimu. Nasema tu kwamba Jumapili yake haikufika. Tangu siku ile neno "kesho" linanitisha.

MAJIVU

Baada ya mchezo ule wa Oval, gazeti moja la London likaandika tangazo la msiba kwa mzaha. Likasema kriketi ya Uingereza imekufa, mwili utachomwa, na majivu yatapelekwa Australia. Miezi michache baadaye timu ya Waingereza chini ya Ivo Bligh ikasafiri kwenda huko, na C. T. na George walikuwemo. Watu wakasema wanakwenda kuyarudisha majivu. Katika michezo mitatu iliyopangwa wakashinda miwili. Bligh akapewa kichupa kidogo cha udongo, urefu wake kama sentimita 11, kinachosemekana kuwa na majivu ndani. Juu yake kumebandikwa karatasi, na jina la akina Studd limo. Kichupa hicho kimehifadhiwa mpaka leo katika uwanja wa Lord's, London, na mashindano ya nchi hizo mbili yanaitwa Majivu.

Angalia sasa! Jina lako limeandikwa juu ya kitu kinachogombaniwa na mataifa mawili kwa zaidi ya miaka mia moja. Heshima kubwa! Lakini fungua ndani uone. MAJIVU.

Sikuambii mchezo ni dhambi. Cheza mpira, kimbia, ogelea, mwili ni wa Mungu. Nakuuliza tu, katika hicho unachokigombania usiku na mchana, ndani mna nini? Simu mpya? Jina mtaani? Pesa ya kubeti? Msichana ambaye kila mtu anamtazama? Mwishowe mna nini ndani ya kichupa?

KITANDA CHA NDUGU YAKE

Mwishoni mwa mwaka 1883 George akaugua vibaya, karibu na kufa. Charles akakaa kando ya kitanda, usiku baada ya usiku. Yule ndugu aliyesafiri naye Australia, nahodha wa Cambridge, sasa hawezi kuinua mkono. Hapo ndipo Charles alipojiuliza, umaarufu wote huu unamsaidia nini George sasa? Na pesa zote? Akaona kwamba George aliyelala pale haulizi habari za mikimbio. Anauliza habari za Mungu.

Ni swali lile lile la Bwana Yesu katika Marko 8:36. Ukipewa dunia yote ukapoteza nafsi, umepata faida gani? Piga hesabu mwenyewe.

Mungu akamrehemu George, akapona. Lakini Charles hakuwa yule tena. Akaenda kumsikiliza Moody, moto ukarudi moyoni. Akatubu ile miaka sita ya ukimya. Akaanza kuwaalika wachezaji wenzake waje wasikie Neno. Halafu tarehe 5 Februari 1885 akapanda meli kwenda China kuhubiri, yeye na vijana wenzake sita. Watu wakawaita Saba wa Cambridge. Miaka 24! Katika kilele cha mchezo wake! Walimwengu wakasema ana wazimu.

KIJANA TAJIRI ALIYESEMA NDIYO

Huko China akavaa nguo kama wenyeji, akala chakula chao, akajifunza lugha yao. Alipotimiza miaka 25, sheria ikampa urithi wa baba yake, kama pauni 29,000. Wakati ule hizo zilikuwa pesa za kustarehe mpaka uzeeni.

Unamkumbuka yule kijana tajiri wa Marko 10? Aliambiwa auze vyote, akaenda zake kwa huzuni. Studd alisoma maneno yale yale, akasema ndiyo. Tarehe 13 Januari 1887 akaandika hundi. Pauni 5,000 kwa Moody, na pesa hizo zikasaidia kuanzisha chuo cha Biblia huko Chicago. Pauni 5,000 kwa George Müller, aliyelea yatima huko Bristol. Nyingine 5,000 kwa kazi ya maskini wa London, na nyingine 5,000 kwa Jeshi la Wokovu kule India. Na nyingine, na nyingine. Zikabaki pauni 3,400, akampa mchumba wake Priscilla kabla ya arusi yao mwaka 1888. Binti yule naye akasema, Bwana alimwambia kijana tajiri auze vingapi? Si vyote? Basi nazo zikatolewa. Wakaanza ndoa bila akiba! Wakafungua nyumba ya kuwasaidia watu waliofungwa na kasumba, ile dawa ya kulevya. Mamia walipita pale.

Sikuambii kesho ugawe godoro lako. Nakuonyesha tu kwamba mtu aliyewahi kuona majivu ndani ya kichupa, pesa hazimshiki tena shingo.

BWANA MUKUBWA WA IBAMBI

Baadaye alihudumu India. Akarudi Uingereza na pumu, mwili umechoka. Mwaka 1908, akiwa Liverpool, akaona tangazo la kutafuta wamisionari kwa ajili ya Afrika. Tangazo lenyewe lilikuwa na maneno ya dharau juu ya watu wetu, nasema wazi. Lakini Mungu alimsemesha kwa hilo. Madaktari wakakataa. Watu wa kumsaidia kwa pesa wakajitoa. Alikuwa na miaka hamsini. Akaenda!

Mwaka 1913, pamoja na kijana Alfred Buxton, akavuka Ziwa Albert akaingia Kongo, wakafika Niangara. Baadaye akakaa Ibambi. Wenyeji wakamwita Bwana Mukubwa. Aliishi katika nyumba ya miti na nyasi, akihubiri masaa mengi, akiandika usiku. Alitafsiri Agano Jipya katika Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo. Umeona? Yule kijana wa Oval alimalizia maisha yake katika lugha hii hii unayoisoma sasa!

Je, alikuwa malaika? Hapana. Alikuwa mkali mno kwa watenda kazi wenzake, mpaka kamati ya kwao ikagombana naye. Kwa maumivu ya mwili alitumia dawa kali ya mofini, jambo lililowakwaza wengi. Na mke wake mgonjwa alibaki Uingereza. Charles aliondoka mwaka 1916 asirudi tena. Mama yule alikuja Kongo kumtembelea mara moja tu, mwaka 1928, wiki mbili, wakaagana. Mwaka uliofuata akafa. Mimi nina mke, na hapo napata shida. Sikufichi. Kwa hiyo sikuambii umfuate Studd. Nakuambia umfuate Yule ambaye Studd alimfuata. Mtumishi ana madoa. Bwana wake hana doa.

Tarehe 16 Julai 1931 alikufa pale Ibambi, na huko akazikwa. Wanasema neno lake la mwisho lilikuwa Haleluya.

Sasa weka picha mbili pamoja. Mwaka 1882, kijana mwenye nguvu, gongo mkononi, hakutolewa, lakini hakucheza mpira hata mmoja. Mwaka 1931, mzee amekonda, meno hana, pesa hana, lakini zamu yake ameicheza yote. Yupi alishinda?

NA WEWE JE?

Rafiki yangu, hukuja kwenye mkutano huu kwa bahati. Labda ulivutwa na vipaza sauti. Labda ulifuata mtu. Au uliokota karatasi hii chini. Studd alipoteza miaka sita, na Mungu akamngojea. Lakini hakuahidiwa miaka hiyo, wala wewe hukuahidiwa. Mpira ambao una hakika umekufikia ni huu wa leo. Soma 2 Wakorintho 6:2, utaona ni siku gani inayoitwa siku ya wokovu. Siyo kesho.

Usiseme, "Mimi ni mchafu mno." Yesu hakufa kwa ajili ya wasafi. Usiseme, "Baba yangu ni mtu wa kanisa." Baba yake Studd pia alikuwa ameokoka, na hiyo haikumwokoa Charles. Usiseme, "Naamini Mungu yupo." Zawadi ipo mezani. Nyosha mkono! Yohana 3:16 soma yote, usiishie nusu.

Kama unataka, mahali hapo ulipo, hata kama ni kituo cha basi, omba hivi kwa moyo wako wote:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekuwa nikisema kesho, kesho. Leo naacha kusema kesho. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Napokea uzima wako sasa. Nguvu zangu, ujana wangu, pesa yangu hata ikiwa kidogo, vyote ni vyako. Nifundishe kuicheza zamu yangu mpaka mwisho. Amina.

Umeomba? Basi usikae peke yako. Studd alikaa kimya baada ya kuokoka, akapoa. Mwambie mtu mmoja leo leo. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kwa siku. Tafuta kanisa lililo karibu linalohubiri wokovu, mwambie mchungaji, "Nimeokoka, nifundisheni." Na ukimaliza karatasi hii usiitupe. Mpe beki wenu wa kulia.

Mungu akubariki sana.